Ufahamu na Ufupisho: Samaki wa Mdomo wa Mto

Kiswahili – Kidato cha Nne

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza somo hili na kufanya mazoezi yake, utaweza:
(a) kubainisha wazo kuu na mawazo saidizi ya kifungu cha habari;
(b) kueleza maana ya maneno kwa kuzingatia muktadha;
(c) kujibu maswali ya ufahamu kwa maneno yako mwenyewe;
(d) kufupisha habari bila kupoteza hoja zake za msingi;
(e) kupanga hoja za insha kutokana na habari uliyosoma.

1. KABLA YA KUSOMA KIFUNGU

Watahiniwa wengi hulidharau swali la ufahamu. Husema, "Majibu yote yamo ndani ya kifungu." Ni kweli yamo, lakini swali zuri halimtaki mtahiniwa anakili sentensi. Linamtaka aelewe, achague kinachohitajika, kisha akieleze kwa lugha yake. Anayenakili hupoteza alama akidhani amezipata.

Fuata hatua hizi kila unapokutana na kifungu cha habari:

Hatua ya kwanza: Soma maswali kabla ya kifungu. Utajua unatafuta nini.
Hatua ya pili: Soma kifungu chote mara moja bila kusimama, hata ukikutana na neno gumu.
Hatua ya tatu: Soma mara ya pili ukiwa na kalamu. Kando ya kila aya andika maneno mawili au matatu yanayotaja kazi ya aya hiyo.
Hatua ya nne: Rudi kwenye maswali na ujibu lile lililoulizwa tu.

2. KIFUNGU CHA HABARI

Soma kwa makini kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

(Aya ya 1) Mkazi wa Kasokola, katika Manispaa ya Mpanda, hununua migebuka na dagaa sokoni bila kuliona ziwa walikotoka. Samaki hao huvuliwa Ziwa Tanganyika, katika mwambao wa Karema na Ikola, wakasafirishwa kwa gari hadi mjini. Mto Katuma ulio karibu naye hauelekei huko. Wenyewe hupita Hifadhi ya Taifa ya Katavi na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Hata hivyo, kila mto na ziwa lake ni majirani wanaotegemeana. Hakuna mahali panapoonesha jambo hilo vizuri kuliko mdomo wa mto, yaani pale mto unapoingia ziwani au baharini.

(Aya ya 2) Mdomo wa mto una chakula kingi. Mto hubeba udongo, wadudu na majani yaliyooza. Ukifika kwenye maji mapana mwendo wake hupungua na vitu hivyo hutua. Samaki wadogo huja kula, na wakubwa huwafuata wadogo. Wapo pia samaki wanaopita tu mahali hapo, kwa kuwa huishi ziwani lakini huzaliana mtoni. Mmoja wao ni ningu wa Ziwa Victoria. Samaki huyu, ambaye urefu wake haufiki nusu mita, hula mwani na mabaki yaliyo chini ya maji. Mvua zinapojaza mito kama Kagera, Mara na Nzoia, ningu hukusanyika mdomoni, kisha hupanda dhidi ya mkondo hadi kwenye nyasi zilizofurika kando ya mto. Hapo hutaga mayai. Maji yakianza kupungua, wazazi hurudi ziwani, na watoto huwafuata baadaye.

(Aya ya 3) Watu wa kando ya mito hiyo waliijua safari ya ningu tangu zamani. Walisuka migono kwa fito na matete, wakajenga nyuzio ndani ya mto ili kuwaelekeza samaki kwenye mitego. Mvua ikinyesha, kila nyumba ilijua kuwa msimu wa kitoweo umefika. Zana hizo zilivua, lakini mafuriko makubwa yaliweza kuzing'oa, na wakati huo samaki wengi walipita na kwenda kutaga.

(Aya ya 4) Kuvua kwa mtumbwi mdomoni mwa mto kunahitaji akili kuliko nguvu. Wavuvi wawili hugawana kazi: mmoja hupiga kasia, mwingine hushika mshipi. Hukaa pembezoni mwa mstari ambapo maji ya mto yaliyochafuka kwa udongo hukutana na maji safi ya ziwa, kwa kuwa samaki hupenda kujibanza ukingoni mwa mkondo. Nanga hufungwa omo, yaani mbele ya chombo, wala si tezi, yaani nyuma. Mtumbwi uliofungwa omo hutazama mkondo na kuupasua. Uliofungwa tezi hupigwa na maji kwa nyuma, yakaingia, ukazama. Hatari huzidi pale upepo wa ziwani unapokabiliana na mkondo wa mto. Mawimbi huwa mafupi na wima, na yakifika kwenye fungu la mchanga huvunjika. Viboko na mamba nao hupenda mahali hapo. Mvuvi mzoefu akiona povu jeupe juu ya fungu hurudi pwani, hata kama kapu lake ni tupu.

(Aya ya 5) Mwaka 1905 nyavu za kunasia ziliingizwa Ziwa Victoria. Mwanzoni zilitumika zaidi kumvua ngege, lakini baadaye wavuvi waligundua kwamba zikitegwa mdomoni mwa mto wakati wa mvua, ningu waliokusanyika hapo hunaswa kwa wingi. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea. Zilikuwa imara na hazikuoza upesi kama za nyuzi za mimea. Samaki walionaswa walikuwa wamejaa mayai ambayo hayajatagwa. Kila wavu uliojaa ulikuwa mavuno ya mwaka ule na hasara ya miaka iliyofuata. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alichapisha makala kuhusu kupungua kwa ningu na jinsi uvuvi wa jadi wa Mto Nzoia ulivyodhoofika pamoja naye. Waliotega mdomoni walikuwa wamewanyima samaki wenzao wa juu ya mto. Ningu hajatoweka, lakini wingi wake wa zamani haujarejea.

(Aya ya 6) Kisa hiki si cha Afrika Mashariki peke yake. Katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, na hurudi kutaga katika mto uleule aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki hufa baada ya kutaga. Yupo pia trauti aendaye baharini, ambaye anaweza kutaga na kurudi baharini akiwa hai. Huyu ni wa spishi moja na trauti aliyepandikizwa katika mito baridi ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania wakati wa ukoloni. Wavuvi wa huko nao hukaa na mashua mdomoni mwa mto wakirambaza, yaani wakikokota chambo nyuma ya chombo kinachotembea. Lakini sheria huweka idadi ya samaki ambao mtu anaweza kuchukua kwa siku, na msimu ukifungwa mashua hurudi bandarini.

(Aya ya 7) Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika hawapandi mito kama ningu. Wao huzaliana ziwani. Lakini kanuni ni ileile: samaki asiyepewa nafasi ya kuzaa hana wa kumrithi. Kwa sababu hiyo, Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia zilikubaliana kulipumzisha ziwa hilo. Kwa upande wa Tanzania, uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Miezi mitatu ni mirefu kwa familia inayoishi kwa wavu, na ni mirefu pia kwa mama lishe wa Mpanda anayesubiri samaki. Swali linalobaki ni hili: ni nani atakayeubeba uzito wa miezi hiyo, na ataubeba vipi, ili mtoto wake naye akute samaki ziwani?

3. KAZI YA KILA AYA

Linganisha maneno uliyoandika kando ya kifungu na haya:

Aya ya 1: Mto na ziwa hutegemeana.
Aya ya 2: Chakula cha mdomoni, safari ya ningu.
Aya ya 3: Uvuvi wa jadi.
Aya ya 4: Ufundi na hatari za kuvua kwa mtumbwi.
Aya ya 5: Nyavu mpya na kuporomoka kwa ningu.
Aya ya 6: Mfano wa samoni na trauti.
Aya ya 7: Kupumzishwa kwa Ziwa Tanganyika.

Sasa jiulize: ni jambo gani linaloziunganisha aya zote saba? Siyo "samaki", kwa sababu neno hilo ni pana mno. Siyo "ningu", kwa sababu aya ya 1, ya 4, ya 6 na ya 7 haziwahusu ningu moja kwa moja. Wazo kuu ni hili: samaki wakivuliwa bila kupewa nafasi ya kuzaliana, uvuvi wenyewe hufa. Wazo hilo limejengwa hatua kwa hatua, na limetajwa waziwazi katika aya ya 7 tu. Mara nyingi wazo kuu hujificha mwishoni, kwa hiyo usiandike jibu lako kabla hujamaliza kusoma.

4. MSAMIATI KATIKA MUKTADHA

Swali la msamiati huuliza maana ya neno "kama lilivyotumika katika kifungu". Maneno matatu ya mwisho ya agizo hilo ndiyo muhimu. Tazama mifano hii:

Mdomo: Kwa kawaida ni sehemu ya mwili. Katika kifungu ni mahali mto unapoingia ziwani au baharini. Ukiandika "sehemu ya kulia chakula", hupati alama.

Fungu: Linaweza kuwa sehemu ya kitu kilichogawanywa, kama fungu la nyanya sokoni. Hapa ni tuta la mchanga lililo ndani ya maji.

Kupanda: Hapa si kuweka mbegu ardhini wala kukwea mti. Ni kuogelea kwenda upande mto unakotoka.

Mgono: Mtego wa samaki uliosukwa kwa fito au matete.

Uzio: Ua. Hapa ni ua uliojengwa ndani ya mto ili kuwazuia na kuwaelekeza samaki.

Omo na tezi: Sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma ya chombo cha majini. Huenda umeyasikia maneno haya katika methali "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanakokusanyika. Methali hii hutumika kumwambia mtu kuwa hata azunguke vipi, atarudi palepale pake.

Kurambaza: Kuvua kwa kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachotembea.

Kama hulijui neno, lichunguze jirani yake. Katika aya ya 4 mwandishi ameandika "omo, yaani mbele ya chombo". Neno "yaani" limekupa jibu. Maneno kama "yaani", "kwa maneno mengine" na "ambaye" ni marafiki wa mtahiniwa.

5. MASWALI NA MAJIBU YA MFANO

Swali la 1: Andika kichwa cha habari kinachofaa kifungu hiki kisichozidi maneno matano.

Jibu: Uvuvi na uzazi wa samaki.

Maelezo: Kichwa hiki kina maneno matano na kinagusa aya zote. "Ningu wa Ziwa Victoria" ni kifupi, lakini kinaacha nje aya nne. "Umuhimu wa kulinda samaki wa maziwa yetu wasiishe" kimezidi idadi ya maneno, na hilo pekee linatosha kukikosesha alama.

Swali la 2: Kwa nini samaki hukusanyika mdomoni mwa mto? Toa sababu mbili.

Jibu: (i) Hufuata chakula kinachotua pale mto unapopunguza mwendo. (ii) Wengine hupita hapo wakienda mtoni kutaga mayai.

Maelezo: Umeombwa sababu mbili. Ukitoa tatu na ya tatu ikawa na kosa, huenda ukapunguza ubora wa jibu lako. Toa idadi iliyoulizwa.

Swali la 3: Kwa nini nanga hufungwa omo na si tezi?

Jibu: Ili mtumbwi uelekee mkondo na kuupasua, ukifungwa tezi, maji huupiga kwa nyuma, huingia ndani na kuuzamisha.

Maelezo: Jibu kamili lina sehemu mbili, faida ya omo na madhara ya tezi, kwa sababu swali limetaja vyote viwili.

Swali la 4: "Kila wavu uliojaa ulikuwa mavuno ya mwaka ule na hasara ya miaka iliyofuata." Eleza maana ya kauli hii.

Jibu: Wavuvi walipata samaki wengi kwa wakati huo, lakini kwa kuwa samaki hao walikuwa hawajataga, kizazi kilichotegemewa kuvuliwa baadaye hakikuzaliwa.

Maelezo: Swali la namna hii linapima uelewa. Ukirudia maneno "mavuno" na "hasara" bila kueleza yalitokeaje, hujajibu. Sababu lazima ionekane: mayai hayakutagwa.

Swali la 5: Je, ni kweli kwamba migebuka ilipungua kwa sababu nyavu zilitegwa mdomoni mwa mito? Jibu kwa kutumia kifungu.

Jibu: Hapana, kifungu hakisemi hivyo. Kinaeleza kuwa migebuka huzaliana ziwani na haipandi mito. Waliopungua kutokana na nyavu za mdomoni ni ningu wa Ziwa Victoria.

Maelezo: Huu ni mtego. Anayesoma kwa haraka huchanganya maziwa mawili na samaki wawili. Kila jina la mahali unalokutana nalo katika kifungu, lizungushie duara.

Swali la 6: Chagua methali inayofaa zaidi ujumbe wa aya ya 5.
A. Haba na haba hujaza kibaba.
B. Mchuma janga hula na wa kwao.
C. Mgeni njoo, mwenyeji apone.
D. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Jibu: B.

Maelezo: Waliotega nyavu mdomoni hawakuumia peke yao, wavuvi wa juu ya mto nao walikosa samaki. Methali A inahusu kukusanya kidogo kidogo, kinyume cha kilichotokea. C na D hazina uhusiano na aya hiyo.

Swali la 7: Changanua neno "walizitega" kwa kuonesha mofimu zake na kazi ya kila mofimu.

Jibu:
wa- : kiambishi awali cha nafsi ya tatu wingi (mtenda)
-li- : kiambishi cha njeo, wakati uliopita
-zi- : kiambishi cha mtendwa (nyavu)
-teg- : mzizi wa neno
-a : kiishio

Maelezo: Kiambishi -zi- kimetokana na nomino "nyavu" ambayo umoja wake ni "wavu", ngeli ya U-ZI. Nomino "uzio" nayo ni ya ngeli hiyohiyo: uzio huu, nyuzio hizi. Lakini "mgono" ni ya U-I: mgono huu, migono hii.

6. UFUPISHO

Swali: Fupisha maelezo kuhusu safari ya ningu na kuporomoka kwa uvuvi wake kwa maneno yasiyopungua 50 na yasiyozidi 60.

Kwanza, tambua mipaka. Hukuombwa kufupisha kifungu chote. Maelezo ya ningu yamo katika aya ya 2, ya 3 na ya 5. Aya ya 4 ni tamu kusoma, lakini nanga, viboko na povu havihusiani na swali. Mfano wa samoni nao uache.

Pili, orodhesha hoja:
- Ningu huishi ziwani, hutaga mtoni.
- Hukusanyika mdomoni wakati wa mvua.
- Zana za jadi ziliacha wengi wapite.
- Nyavu za kunasia zilitegwa mdomoni.
- Samaki wenye mayai walinaswa.
- Uvuvi uliporomoka.

Tatu, unganisha hoja hizo kwa sentensi zako. Nne, hesabu maneno.

Tazama kwanza ufupisho usiofaa:

"Mdomo wa mto una chakula kingi. Mto hubeba udongo, wadudu na majani yaliyooza. Mmoja wao ni ningu wa Ziwa Victoria. Walisuka migono kwa fito na matete. Mwaka 1905 nyavu za kunasia ziliingizwa Ziwa Victoria. Ningu hajatoweka. Nadhani serikali ingewakamata wavuvi hawa."

Makosa yake ni manne. Kwanza, sentensi sita zimenakiliwa kutoka kwenye kifungu. Pili, hazina kiungo. "Mmoja wao" ni mmoja wa nani? Tatu, hoja kubwa kuliko zote, kwamba samaki walinaswa kabla ya kutaga, haimo. Nne, sentensi ya mwisho ni maoni ya mtahiniwa. Ufupisho si mahali pa maoni yako. Ukiwa nayo, yahifadhi kwa ajili ya insha.

Sasa tazama ufupisho unaofaa:

"Ningu huishi ziwani lakini hutaga mtoni. Mvua zinapojaza mito, hukusanyika mdomoni kabla ya kupanda. Zamani wavuvi walitumia migono na nyuzio. Mafuriko yaliweza kuzing'oa zana hizo, hivyo samaki wengi walipita. Baada ya nyavu za kunasia kuingia mwaka 1905, wavuvi walizitega mdomoni na kunasa samaki wenye mayai. Kwa kuwa mayai hayakutagwa, kizazi kipya kilipungua na uvuvi wa ningu ukaporomoka."

Ufupisho huu una maneno 57. Uhesabu mwenyewe ili uzoee. Angalia viungo vilivyotumika: "lakini", "hivyo", "baada ya", "kwa kuwa". Ndivyo vilivyofanya sentensi sita zisomeke kama habari moja.

7. KUTOKA KIFUNGU HADI INSHA

Kifungu kizuri kinaweza kukupa malighafi ya insha. Chukua mada hii: "Kufunga uvuvi kwa muda katika Ziwa Tanganyika kuna manufaa kuliko hasara. Jadili."

Neno "jadili" linakutaka utazame pande zote mbili. Usiandike kama mtu aliyekwisha kushinda kabla ya mchezo. Huu ni mpango unaoweza kuufuata:

Utangulizi: Eleza maana ya kufunga uvuvi na utaje mfano wa mwaka 2024. Onesha msimamo wako kwa sentensi moja.

Hoja za kuunga mkono: Samaki hupata muda wa kuzaana na kukua. Mvuvi atakayerudi ziwani anaweza kukuta samaki wakubwa zaidi. Ziwa ni la nchi nne, hivyo nchi moja ikipumzika huku nyingine ikivua, faida hupotea; makubaliano ya pamoja ni ya lazima. Kisa cha ningu kinaonesha matokeo ya kutosubiri.

Hoja za kupinga: Familia za wavuvi, wachuuzi, waanikaji wa dagaa na wabebaji hukosa kipato. Bei ya kitoweo inaweza kupanda katika miji kama Mpanda. Mwenye akiba huvumilia, asiye nayo hukopa. Ugumu ukizidi, wengine hushawishika kuvua kwa siri.

Maoni yako: Hapa ndipo insha nyingi hudhoofika, kwa kuwa mwandishi husema tu "serikali ifanye jitihada". Taja jitihada zenyewe. Kwa mfano: tarehe zitangazwe mapema ili familia ziweke akiba, wavuvi wasaidiwe kuanzisha kilimo au ufugaji wa samaki kwa ajili ya miezi hiyo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mialo vishirikishwe katika maamuzi, maana Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ipo, lakini sheria huhitaji watu wanaoielewa na kuikubali.

Hitimisho: Rejea msimamo wako bila kuleta hoja mpya.

Ukiwa Kasokola usijione uko mbali na mada hii. Sahani ya migebuka iliyo mezani kwenu ni ushahidi tosha. Uliza nyumbani bei ya dagaa ilikuwaje katika miezi ile ya mwaka 2024, kisha ulitumie jibu hilo kama mfano. Mtahini husoma insha nyingi zinazofanana. Mfano wa kweli kutoka mahali unapopafahamu huipa insha yako uzito.

8. MAZOEZI

Jibu maswali yote bila kutazama majibu ya mfano.

1. Eleza tofauti kati ya samoni wengi wa Pasifiki na trauti aendaye baharini baada ya kutaga.
2. Taja hatari tatu zinazomkabili mvuvi wa mtumbwi mdomoni mwa mto.
3. Kwa nini nyavu za nailoni zilikuwa na madhara zaidi kuliko nyavu za nyuzi za mimea?
4. "Mvuvi mzoefu akiona povu jeupe juu ya fungu hurudi pwani, hata kama kapu lake ni tupu." Mvuvi huyu ana sifa gani? Thibitisha kwa kutumia kauli hiyo.
5. Changanua mofimu za maneno haya: hawapandi, hukusanyika, yakiingia.
6. Tunga sentensi mbili kwa kila neno ili kuonesha maana zake tofauti: mdomo, fungu, panda.
7. Fupisha aya ya 4 kwa maneno yasiyozidi 40.
8. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu mada iliyo katika sehemu ya 7.

Dondoo za majibu

Swali la 1: Linganisha kufa na kuendelea kuishi, usisahau kutaja wote wawili.
Swali la 2: Mawimbi ya upepo unaokabiliana na mkondo, kuzama kwa kufunga nanga vibaya, wanyama wakali.
Swali la 3: Uimara na kutooza upesi; onesha kuwa ziliweza kuvua kwa muda mrefu zaidi.
Swali la 4: Ana busara, au ana subira. Uthibitisho ni kwamba amechagua uhai kuliko samaki.
Swali la 5: Kumbuka kuwa "ha-" katika "hawapandi" ni kikanushi, na "hu-" katika "hukusanyika" huonesha mazoea. Katika "yakiingia", "-ki-" huonesha masharti.
Swali la 7: Hoja za lazima ni tatu: mahali pa kukaa, namna ya kufunga nanga, na wakati wa kurudi pwani.

9. UKIWA CHUMBA CHA MTIHANI

Soma maelekezo ya karatasi uliyopewa, hata kama umezoea karatasi za miaka iliyopita. Andika namba za maswali kwa usahihi. Usikae muda mrefu kwenye neno moja gumu. Endelea mbele, kwani huenda aya inayofuata ikalifafanua. Ukimaliza ufupisho, hesabu maneno na uandike idadi yake mwishoni kama umeelekezwa. Kisha soma jibu lako mara moja zaidi na ujiulize: mtu ambaye hajakiona kifungu, akisoma ufupisho huu, ataelewa nini kiliwapata ningu? Akielewa, nenda swali linalofuata.